Katamarani ya mtumba hapa Dar: uchukue Hobie 16, Dart 18, ya plastiki, au ngalawa?

Katamarani ndogo za mitumba, yaani boti za tanga zenye mitumbwi miwili iliyounganishwa, hapa Dar es Salaam haziji kwa ratiba. Mtu anamaliza mkataba wake wa kazi, anafunga virago, na boti iliyolala miaka chini ya mti wa mkungu kule Msasani inatafuta mwenyewe mpya kabla ya siku ya ndege. Mnunuzi anapewa siku chache za kuamua, na wengi huamua kwa macho: tanga lina rangi nzuri, bei inashikika, basi. Naandika ulinganisho huu ili uende kuiona boti ukiwa umeshajua unatafuta nini. Kwa pwani yetu, mambo mawili yanatangulia jina la boti na uzuri wa tanga lake: hali ya mitumbwi yake kwa chini, na idadi ya watu utakaokuwa nao kila unapotoka.

Nitazungumzia Hobie 16, ndugu yake mdogo Hobie 14, Dart 18, na zile za plastiki kama Hobie Wave. Nimeiingiza na ngalawa kwenye mizani. Ina haki ya kuwamo, na kwa baadhi ya watu ndiyo jibu lenyewe.

Hobie 16

Hii ndiyo katamarani ndogo iliyoenea kuliko nyingi duniani. Zimetengenezwa zaidi ya 100,000. Aliyeizaa ni Hobie Alter, mtengenezaji wa mbao za kuteleza juu ya mawimbi kule California, aliyeanza na Hobie 14 mwaka 1968 kisha akaja na hii kubwa. Alitaka boti inayoweza kusukumwa majini kutoka ufukweni, ikapenya mawimbi na kurudi mchangani bila gati wala nanga. Kwa hiyo haina ubao wa kushusha katikati. Mitumbwi yake imepinda mfano wa ndizi, upande wa nje umenyooka zaidi kuliko wa ndani, na umbo hilo ndilo linaloizuia isisukumwe kombo na upepo. Usukani unajiinua wenyewe ukigusa mchanga. Kwa fukwe zetu ambazo maji hukimbia mbali wakati wa kupwa, hilo ni jambo kubwa.

Urefu wake ni mita 5.05, upana mita 2.41, uzito kilo 145 hivi, na mlingoti unazidi mita 8. Matanga yake mawili yana jumla ya mita za mraba 20, eneo kubwa kwa boti nyepesi kiasi hicho. Upepo wa kusi ukishika kasi mchana wa Julai, Hobie 16 inaruka. Mtumbwi wa joshini (upande upepo unakotoka) unanyanyuka, kamba zinalia, na kama hujazoea utaipenda na kuiogopa kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo hesabu ya watu inapoingia. Hobie 16 ni boti ya watu wawili. Sheria za mashindano yake zinataka mabaharia wake kwa pamoja wasipungue kilo 129, na hata kama huna mpango wa kushindana, namba hiyo inakueleza jambo. Boti ikipinduka, kinachoirudisha ni uzito wenu. Mnaigeuza mpaka omo (ncha za mbele za mitumbwi) ziangalie upepo, mnasimama juu ya mtumbwi ulio majini, mnashika kamba ya kuinulia na kujitupa nyuma kwa mgongo. Wawili wa kimo cha kawaida wanaweza. Mtu mmoja wa kilo 70 atahangaika mpaka achoke, na kuchoka majini ni mwanzo wa hatari. Kama huna mwenzako wa kudumu, mtu unayejua Jumamosi saa nane atakuwa ufukweni, usinunue Hobie 16 hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Tabia yake nyingine ya kuijua mapema ni kwamba omo zake ni nyembamba na hazina ujazo mkubwa. Upepo ukitokea nyuma au ubavuni kwa nguvu, omo ya demanini (upande upepo unakoelekea) inazama, boti inasimama ghafla na tezi, yaani sehemu ya nyuma, linapaa juu ya vichwa vyenu. Dawa yake ni kurudi nyuma kabisa, karibu na usukani, na kulegeza tanga la mbele mapema. Anayeanza ajifunze hilo kabla hajafikiria kuning'inia nje kwa waya.

Dart 18

Kama ningekuwa nachagua kwa moyo tu, ningesema Dart. Mchoraji wake ni Rodney March, Mwingereza aliyechora pia Tornado, katamarani iliyoshindaniwa kwenye Olimpiki kuanzia 1976 hadi 2008. Ina futi 18, upana wa mita 2.29, na uzito wa kilo 130 hivi. Yaani ni ndefu kuliko Hobie 16 lakini nyepesi kidogo. Matanga yake ni karibu mita za mraba 16, hivyo nguvu inayokuvuta ni ndogo zaidi, na omo zake haziwi na haraka ya kuzama. Haina boriti ya chini ya tanga kuu, ile ambayo kwenye boti nyingine hupita juu ya vichwa wakati wa kugeuza. Kwa mtu anayeanza na mtoto wa miaka 12 pembeni, kukosekana kwa boriti hiyo ni amani ya moyo.

Dart inaunganishwa bila bolti. Boriti zinazounganisha mitumbwi zinaingia kwenye matundu yake, na mvutano wa trampolini (kitambaa mnachokalia katikati) ndio unaozishikilia. Ukiwa na trela na nyumba Tegeta au Goba, utafurahi: unaifungua, unaibeba, unaiunganisha tena bila spana. Tena inaendeshwa na mtu mmoja kwa tanga kuu peke yake bila kulalamika.

Basi kwa nini siisukumi mbele ya Hobie 16 moja kwa moja? Vipuri. Hobie 16 ina watu wengi walioimiliki, na mara nyingi pwani hii utakuta boti ya zamani iliyokatwa vipande inayoweza kukupa usukani, kona ya fremu, au kapi. Ukivunja kitu cha Dart hapa, uwezekano mkubwa utaagiza nje, ulipie usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 18. Na chini ya kila mtumbwi Dart ina pezi dogo lisiloinuka. Ukiiburuta kwenye mwamba wakati wa kupwa, pezi hilo ndilo la kwanza kuumia. Kwa hiyo Dart nainunua kwa sharti moja: iwe kamili. Usukani wote wawili, boriti zote, trampolini, na matanga yake mwenyewe. Dart yenye pengo la kipuri kimoja cha msingi inaweza kukaa chini ya mkungu miaka mingine mitano.

Hobie 14

Ina urefu wa mita 4.27, uzito wa kilo 109, tanga moja, mtu mmoja. Mtu mwepesi anayetaka kwenda peke yake itamfaa, na kuiinua ikipinduka si kazi ngumu kama kaka yake. Kero yake ni kwenda bisho, yaani kuukabili upepo. Katamarani zote ni nzito kugeuza omo kupita upepo, na hii bila tanga la mbele la kuisaidia inapenda kukwama katikati, ikaanza kurudi kinyumenyume. Utajifunza kugeuza usukani kinyume inaporudi, ukitulia. Zipo zilizoongezwa tanga dogo la mbele. Ukiipata hiyo, ichukue kabla ya ile ya kawaida.

Za plastiki

Hobie Wave ilitoka mwaka 1994. Ni futi 13, kilo 111, tanga moja, na mitumbwi yake imefinyangwa kwa plastiki nzito badala ya faiba. Zipo kubwa zaidi za aina hiyo, kama Hobie Getaway yenye viti vya pembeni. Hoteli za ufukweni duniani kote zinazipenda, na sababu ni ile ile inayozifanya zitufae sisi: zinavumilia. Unaigonga kwenye jiwe, inaacha mkwaruzo, unaendelea. Watoto wanairukia, mgeni asiyejua kitu anapanda, hakuna kinachovunjika.

Gharama ya uvumilivu huo ni mwendo. Upepo wa kaskazi ukiwa mdogo asubuhi, Wave inajikokota wakati Hobie 16 imeshafika Bongoyo. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: plastiki hii haishiki resini, ile gundi ya faiba. Ikipasuka kweli, fundi wako wa faiba hana la kuifanyia. Inahitaji kuchomelewa kwa joto na kwa plastiki ya aina yake, na mtu asiye na uzoefu huongeza tundu. Jua nalo linaikausha. Angalia sehemu ya juu iliyokuwa ikipigwa na jua miaka yote: kama imepauka na ina mistari myembamba kama ya chungu kilichopigwa moto kupita kiasi, achana nayo.

Kwa familia inayotaka kutoka Jumapili, kuogelea, kula muhogo wa kuchoma na kurudi, hii ndiyo chaguo langu la kwanza. Kwa kijana anayetaka kujua upepo ni nini, itamchosha ndani ya mwaka.

Ngalawa

Sasa njoo Kunduchi au Msasani penye soko la samaki, utazame ngalawa zikirudi. Mtumbwi uliochongwa kwenye gogo la mwembe, matengo (mihimili ya pembeni) kila upande, tanga moja kwenye foromali (mti unaobeba tanga). Kwa kanuni ni jamaa ya karibu ya katamarani: upana ndio unaoizuia isipinduke, badala ya uzito chini ya maji. Na kila kitu chake kinapatikana hapa. Mlingoti ukivunjika, mti upo. Tanga likichanika, linashonwa jioni hiyo hiyo. Fundi hahitaji kuagiza kitu, na wa kukufundisha wamejaa ufukweni. Kwa unyenyekevu kidogo na shikamoo zako, utapata mwalimu anayeujua mwamba wa Mbudya kuliko ramani yoyote.

Lakini ni nzito. Kuipandisha ufukweni ni kazi ya watu kadhaa na magogo ya kuviringishia, na ukiiacha majini lazima awepo wa kuiangalia. Inavuja, hivyo kutoa ngama (maji yanayojaa chini ya chombo) kwa upo (kata ya kuchotea) ni sehemu ya safari. Kwenda bisho nayo kunahitaji ujuzi na nafasi, kwa kuwa kulihamisha tanga na foromali yake upande wa pili si kama kuvuta kamba moja kwenye Hobie. Anayetaka kuitumia wikiendi mbili kwa mwezi atajikuta analipa watu wa kuitunza zaidi ya kuisafiria. Anayeishi karibu na wavuvi, na anataka ubaharia wenyewe zaidi ya mwendo, asitafute kingine.

Kuikagua: shilingi mia mbili, dole gumba na povu la sabuni

Hapa ndipo naomba uwe mvumilivu, kwa sababu boti mbili za jina moja, mwaka mmoja na bei moja zinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi, na tofauti huwa haionekani ukiwa umesimama.

Anza na sitaha, yaani uso wa juu, ya kila mtumbwi wa faiba. Kwenye Hobie sitaha imejengwa kwa tabaka mbili za faiba na povu gumu katikati. Maji na jua vikiingia kati, tabaka zinaachana, na sitaha inakuwa laini. Chukua sarafu ya shilingi 200 ugonge polepole, sentimita chache kwa chache, kuanzia omo kwenda tezi. Pazuri panatoa mlio mkavu, wa juu, tik tik. Palipoachana panajibu kwa sauti butu, kama unagonga sanduku la karatasi. Weka alama kwa chaki. Kisha bonyeza kwa dole gumba palipo na chaki: pakibonyea na kurudi, umeshajua. Kwenye Hobie 16 sehemu ya kuchunguza kuliko zote ni mbele ya nguzo ya mbele (nguzo ni zile fupi zinazobeba fremu), pale mtumbwi unapopokea vishindo vyote vya fremu. Palaini pa ukubwa wa kiganja panarekebishika: unatoboa matundu madogo, unaingiza epoksi, unakandamiza mpaka ikauke. Palaini pa urefu wa mkono, mbele ya nguzo, ni boti ya kukatia vipuri. Usikubali kuambiwa vinginevyo.

Pindua mtumbwi au lala chini uangalie mkuku, yaani uti wake wa chini. Boti za hapa zinaburutwa kwenye mchanga wenye chembe za matumbawe, na miaka ya kuburutwa inasaga chini mpaka umbo la duara linakuwa bapa. Ukiona nyuzi za faiba zinachungulia, kama kitambaa kilicholowa, hapo maji yameshaanza kuingia. Kuongeza tabaka jipya la faiba chini ni kazi ambayo mafundi wa boti hapa mjini wanaiweza, kwa sharti boti ikaushwe kabisa kwanza. Ipige bei hiyo kwenye mazungumzo. Na boti iliyopakwa rangi mpya wiki ya kuuzwa iangalie mara mbili. Rangi hufunika nyufa vizuri sana.

Kisha pima uvujaji. Mtumbwi una kizibo nyuma cha kutolea maji, na Hobie 16 ina kitundu kidogo cha kupumulia karibu na nguzo ya mbele, ili hewa inayotanuka kwa jua isipasue mtumbwi. Ziba kitundu kwa utepe, pulizia hewa kwa mdomo kupitia tundu la nyuma (kwa mdomo tu, pampu ya tairi itaupasua), na mwenzako apake maji ya sabuni kwenye maungio yote, kuzunguka nguzo na kwenye mstari ambapo sitaha inakutana na ubavu. Povu likichemka mahali, hapo ndipo bahari inapoingilia. Kipimo hiki kinachukua nusu saa, na hakuna muuzaji mwaminifu atakayekukatalia.

Inua omo moja ya Hobie kwa mkono. Ya pili inatakiwa kufuata upesi. Ikibaki chini wakati hii ya kwanza imeshafika gotini, kona za fremu au nguzo zimelegea. Tikisa kila nguzo. Ikicheza ndani ya mtumbwi, gundi yake imekufa.

Nyaya za mlingoti pitisha kitambaa cha pamba, hasa karibu na mahali waya unapoingia kwenye kibano chake. Kitambaa kikinasa, kuna uzi wa waya uliokatika, na waya huo hauna mjadala: unabadilishwa. Angalia pia pale rivet za stenlesi zinapokutana na alumini ya mlingoti. Chumvi hufanya alumini ioze kuzunguka rivet, ikatoa unga mweupe. Unga kidogo ni kawaida. Tundu lililotanuka si kawaida. Mwisho, utikise mlingoti ukiwa chini: usisikie maji ndani. Mlingoti usioziba ukipinduka unajaa, boti inageuka miguu juu, na Msasani maji yakiwa yamepwa ncha yake itajichoma kwenye tope.

Matanga nayaangalia mwisho. Kwaruza mshono kwa ukucha. Uzi ukikatika kirahisi, umeliwa na jua, lakini kushona upya kunawezekana. Trampolini nayo vivyo hivyo. Wale mafundi wanaoshona maturubai ya malori wanaweza kukushonea mpya ukiwapelekea ya zamani kama kielelezo, kitambaa kinachopitisha maji na uzi imara wa poliesta.

Itakaa wapi, itatokea wapi

Msasani ndipo pa kuanzia, na sababu iko kwenye ramani. Ghuba inaangalia kaskazini, na rasi ya Masaki imeikinga upande wa mashariki. Wakati wa kusi, upepo unakuja na nguvu lakini mawimbi makubwa yanabaki nje, maji ndani yanakuwa tambarare, na ukishindwa boti inakusukuma kuelekea Mikocheni na Kawe, siyo baharini. Wakati wa kaskazi mlango uko wazi na mawimbi yanaingia, ingawa upepo wenyewe kwa kawaida ni mpole zaidi. Miezi ya tangambili, upepo unapobadilika, ni mizuri kwa mazoezi mafupi na mibaya kwa safari: unaweza kufika Mbudya na kukosa upepo wa kukurudisha.

Jihadhari na umande, ule upepo wa alfajiri utokao bara. Mvuvi anautumia kutoka, kwa kuwa anajua mchana utamrudisha. Wewe unayeanza utaona maji yametulia kama sakafu, utasogea kidogo, na ukigeuka ufukwe uko mbali.

Kigamboni, upande wa bahari kuu, ni pa baadaye. Hapo Hobie 16 inaonyesha ilichotengenezewa, kupenya mawimbi kutoka ufukweni, lakini anayejifunzia hapo atavunja usukani kwanza.

Kupwa na kujaa kuamulie saa zako. Wakati wa bamvua maji yetu yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukitoka yamejaa na kurudi yamepwa, utaburuta boti kwenye mwamba na tope, na ule mkuku ulioukagua kwa makini utausaga mwenyewe. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo na siku inakuwa rahisi. Kwa hiyo usiku wa kabla ya kutoka, angalia jedwali la maji kabla ya kuangalia upepo. Ukienda Bongoyo, Mbudya, Pangavini au Fungu Yasini, hayo ni maeneo ya hifadhi ya bahari tangu 1975. Kuna kiingilio, na nanga haitupwi juu ya matumbawe.

Kuhusu maegesho, boti ikae juu ya mstari wa bamvua, ifungwe chini kwa kamba mbili kwa sababu kusi hubeba katamarani kama turubai, vizibo vya nyuma vitolewe, na kuwe na mlinzi anayelipwa. Alumini na stenlesi vina soko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Makapi, kamba na usukani vilale nyumbani. Tena, unaposimamisha mlingoti wa mita 8 tazama juu kwanza. Marekani watu walikufa kwa milingoti kugusa nyaya za umeme, ndiyo maana Hobie 16 nyingi zina ncha ya juu ya faiba badala ya alumini. Ncha hiyo inasaidia, ila chini yake bado ni alumini, na fukwe zetu zina nguzo za umeme karibu kuliko inavyopasa.

Karatasi

Vyombo vya majini vinasimamiwa na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Uliza usajili na ukaguzi kabla ya kulipa, na mkataba wa mauziano uandikwe namba iliyochongwa kwenye mtumbwi, siyo rangi ya tanga. Kama muuzaji aliiingiza boti nchini kwa msamaha wa kodi, kodi hiyo huweza kudaiwa inapohamia kwako usiye na msamaha. Mwombe nyaraka za forodha, au mwende pamoja TRA mkaulize. Anayekataa kwenda amekujibu.

Tuseme sasa umepata mbili, zote Hobie 16, bei ile ile. Moja ina matanga mapya na mbele ya nguzo ya kushoto panabonyea. Nyingine tanga lake limepauka na kuchanika karibu na ncha, trampolini imeoza, lakini sarafu inalia tik tik kutoka omo hadi tezi. Chukua hiyo ya pili, na fedha utakazobakiwa nazo zifuate mpangilio huu: kwanza nyaya mpya zote za mlingoti, hata kama za zamani zinaonekana nzima, kwa kuwa hujui umri wake; kisha jaketi za kujiokolea zinazowatosha sawasawa, filimbi imefungwa kwenye kila moja; kamba nene ya kuinulia boti, yenye mafundo ya kushikia; vizibo viwili vya akiba mfukoni; na mwisho trampolini. Tanga lililochanika lishonwe kiraka, litumike hivyo hivyo msimu mzima wa kwanza. Unapojifunza utalipiga piga sana, na bora lipigike la zamani.

Na siku ya kwanza chagueni mchana wa maji mafu, upepo mwepesi, ndani ya ghuba. Msiende popote. Jipindueni kwa makusudi mahali penye kina kuzidi urefu wa mlingoti, mtu mwenye boti ya injini akiwa karibu anawatazama, kisha muinue. Rudieni mpaka kila mmoja wenu awe ameshika kamba ile na kuiona boti ikisimama.